Ukoo wa Mzee Kombo: wimbo wa mtu wa posta

*Rehema:* Shikamooni wakubwa. Nani anaujua huu wimbo? Niko kwenye daladala, dereva ameurudia mara mbili. Msichana anamsimamisha mtu wa posta, anamwomba aangalie tena mkobani kama hana barua yake.

*Ba'mdogo Hamisi:* Marahaba mwanangu. Huo ni Please Mr. Postman. Unasikia mama mmoja mwenye sauti laini, au wasichana wanaitikiana na makofi?

*Rehema:* Wanaitikiana. Makofi yapo.

*Ba'mdogo Hamisi:* Basi ndio wenyewe, The Marvelettes, 1961. Ule laini ni wa Carpenters, ulivuma 1975. Ndio uliokuwa kwenye kaseti ya marehemu kaka, ile iliyoandikwa ubavuni ZA KIZUNGU USIFUTE.

*Shangazi Mwanaisha:* Na mimi nikaifuta 😂 nikarekodi taarabu juu yake. Hakunisemesha siku mbili.

*Salim:* Jamani luku imeisha nyumba ya nyuma. Nani kapiga pasi?

*Shangazi Mwanaisha:* Salim subiri, watu wanaongea.

*Salim:* Ni giza shangazi

*Rehema:* Ba'mdogo, si hata Beatles waliuimba?

*Ba'mdogo Hamisi:* Waliuimba, 1963. Ila utamu uko kwa wenyewe. Walikuwa watoto wa shule pale Inkster, kamji ka jirani na Detroit, Marekani. Walijiita Casinyets, kwa Kizungu "can't sing yet", yaani bado hawajajua kuimba. Shuleni kukawa na shindano la vipaji, washindi watatu wapelekwe Motown, kampuni ya kurekodi muziki, wakasikilizwe. Wao wakawa wa nne.

*Rehema:* Sasa walifikaje?

*Ba'mdogo Hamisi:* Mwalimu wao aliwaombea, nao wakachukuliwa. Wakaimba, wakapendwa, wakaambiwa sawa, rudini na wimbo wenu wenyewe.

*Ba'mdogo Hamisi:* Hapo ndipo anapoingia Georgia Dobbins. Ana rafiki yake, William Garrett, ana wimbo wa bluzi wenye jina hilo la postman. Georgia akauomba, akabakiza jina tu, maneno akayatunga upya.

*Shangazi Mwanaisha:* Akaimba.

*Ba'mdogo Hamisi:* Hakuimba. Mama yake mgonjwa, baba yake hataki kusikia habari za muziki. Akamfundisha mwenzake Gladys Horton, mtoto wa miaka 15, halafu akajitoa kundini.

*Shangazi Mwanaisha:* Wee!

*Shangazi Mwanaisha:* Yaani mtu anapika, anapakua, anainuka mkekani hajaonja hata tonge

*Rehema:* Hata jina lake halikuandikwa?

*Ba'mdogo Hamisi:* Lipo. Watunzi wameandikwa watano. Georgia, Garrett, halafu Brian Holland na Robert Bateman waliosimamia kurekodi, na Freddie Gorman. Sasa huyo Gorman, kibarua chake cha kila siku kilikuwa nini?

*Salim:* Tanesco?

*Ba'mdogo Hamisi:* Kupeleka barua! Mtu wa posta kwelikweli, hapo hapo Detroit.

*Rehema:* Unatutania.

*Ba'mdogo Hamisi:* Sitanii. Na kwenye dramu yuko Marvin Gaye, kabla hajajulikana. Desemba 1961 wimbo ukashika namba moja kwenye Hot 100 ya Billboard, ile orodha ya nyimbo zinazovuma Marekani. Motown haikuwa imewahi kufika hapo. Wale wasichana wengine wa Motown, Supremes mnaowasikia, walishika namba moja baadaye.

*Shangazi Mwanaisha:* Mimi bado niko kwa Georgia. Namwona jikoni, redio ya jirani inaimba maneno yake, yeye anakoroga uji wa mgonjwa.

*Tatu:* Samahani, naomba kuuliza. Huyo mtu wa posta anakuja mpaka mlangoni?

*Ba'mdogo Hamisi:* Kwao ndiyo. Nyumba kwa nyumba, na mkoba begani.

*Shangazi Mwanaisha:* Sisi tulikuwa na S.L.P. ya shule mwanangu. Barua inafika kwa mwalimu wa zamu, anaifungua yeye kwanza. Yangu moja ilisomwa mstarini asubuhi, shule nzima imesimama.

*Rehema:* 😳 Ya nani shangazi?

*Shangazi Mwanaisha:* Salim, luku ni ya shilingi ngapi?

*Salim:* Elfu kumi inatosha shangazi, Mungu akubariki

*Ba'mdogo Hamisi:* Haikuwa ya shemeji, hilo nakumbuka.

_Shangazi Mwanaisha amefuta ujumbe huu_

*Tatu:* Nimeshausoma 😂😂