Nimegongwa Maryland, binamu wa Houston anasema sheria ni moja tu, kweli?

MamaNeema_MD
Habari zenu wadau, naomba msaada wa haraka. Juzi Jumamosi niko Georgia Avenue hapa Silver Spring, jamaa akachomoka sheli bila kuangalia akanipiga ubavuni upande wa abiria, na dada yangu ndo alikuwa amekaa hapo. Mimi bega haliinuki, dada goti limevimba, na kazi yangu ya kuangalia wazee ni kunyanyua watu kwahiyo siendi. Polisi alikuja akaandika. Sasa bima ya yule jamaa wamenipigia, eti yeye anadai nilikuwa mbio, na kesho wanataka kunihoji kwa simu huku wanarekodi. Binamu yangu wa Houston ananiambia we ongea tu, hata wakikubebesha asilimia 20 ya kosa watakata hiyo 20 wakupe 80. Ni kweli?

Mkazi_wa_Beltway
Pole sana dada. Binamu hajakudanganya, ila anakueleza sheria ya Texas. Kule kosa lako likiwa halizidi asilimia 50 unalipwa, fidia inapunguzwa tu. Maryland ni mambo mengine kabisa: ikithibitika umechangia ajali hata kidogo, hata asilimia 1, unakosa yote. Virginia, North Carolina na Alabama nao hivyo hivyo. Ndo maana hiyo habari ya "alikuwa mbio" imeletwa mapema.

Mwaka 2013 mahakama ya juu ya hapa iliombwa iibadilishe hii sheria ikakataa. Kijana wa soka alirukia mwamba wa goli, goli halikuwa limefungwa chini, likamwangukia usoni akaumia vibaya, juri (raia wanaoamua kesi) ikasema chama cha soka kilizembea kweli ila na yeye alichangia, akatoka mikono mitupu. Inaniuma kila nikiikumbuka.

Lakini usikate tamaa, wa kuthibitisha ni wao, na haitoshi kusema ulikuwa mbio, waonyeshe mwendo wako ndo ulichangia mgongane. Na hulazimiki kurekodiwa na bima ya mtu mwingine. Wape jina, tarehe, mahali na namba ya ripoti ya polisi, basi. Bima YAKO ndo unatakiwa kushirikiana nayo.

nesi_baltimore
Naongezea, cheki karatasi za bima yako kama una PIP, hapa Maryland inaanzia dola 2,500, inalipa hospitali na sehemu ya mshahara uliokosa bila kuuliza mkosaji ni nani, isipokuwa kama ulisaini kuikataa wakati unanunua bima, na wengi wanasaini ili malipo ya mwezi yashuke hawajui hata wamekataa nini. Na uende hospitali leo sio wiki ijayo, mweleze daktari kila panapouma hata kama ni kidogo, kisipoandikwa mapema bima watasema umeumia kwingine.

MamaNeema_MD
Asanteni jamani. PIP ipo. Na dada je? Yeye anakaa Virginia, wakinibebesha mimi kosa na yeye anakosa?

Mkazi_wa_Beltway
Hapana, abiria habebi kosa la dereva, dai lake ni lake. Ila kwa sababu hiyohiyo mtafute mawakili tofauti, maana wake anaweza kulazimika kukudai na wewe, yaani bima yako, na hapo msigombane ndugu. Kukaa kwake Virginia hakubadilishi kitu, ajali imetokea Maryland basi sheria ni ya Maryland, mna miaka 3 ya kufungua kesi. Ingetokea kule kwake ingekuwa 2.

juma_dmv
Mimi naona kwa bampa tu kubonyea wakili hana haja, ila hapa kuna bega na goti na mtu keshaanza kukutupia kosa, tafuta wakili kabla ya hiyo simu ya kesho. Wengi kikao cha kwanza ni bure na wanachukua kama theluthi ya fidia, ikifika mahakamani wengine mpaka asilimia 40, soma mkataba. Gari na mwili ni madai mawili, unaweza kulipwa gari kwanza, ila ukisaini hakikisha karatasi inataja gari peke yake. Na dada yangu, ile sheli ina kamera, nenda leo hii umwombe meneja aihifadhi video ya Jumamosi, maana nyingi zinajifuta zenyewe baada ya siku chache, na hiyo ndo itaonyesha kama ulikuwa mbio au la.