Mchango wa wagonjwa wa matende Lamu: je, tubandike picha?

Kijana wa Langoni:
Assalaam alaykum. Sisi vijana wanane wa Langoni tunataka kuwachangia wagonjwa wa matende na mabusha wa hapa Lamu na wa Pate, na tumekusudia kusimama Mkunguni, mbele ya ngome, siku za Maulidi ya Mfungo Sita, wageni wanapokuwa wengi. Mwenzetu mmoja anashauri tubandike picha kubwa za miguu iliyovimba ili watu waingiwe na huruma. Moyo wangu unasita, kwa sababu bibi yangu aliishi na mguu huo, na kila mgeni alipopiga hodi aliufunika kwa leso kabla ya kuitikia. Je, picha ziwekwe? Na fedha zitumike wapi?

Muuguzi wa Pate:
Wa alaykum salaam, mwanangu. Picha msiweke. Visiwa vyetu ni vidogo, na mguu hata bila uso hujulikana ni wa nani.

Wekeni maelezo, maana bado wako wanaoamini kwamba busha huletwa na madafu na matende kwa kukanyaga uchawi. Ugonjwa huu ni wa minyoo inayoenezwa na mbu, ambayo hukaa miaka mingi katika mishipa ya limfu, ile inayopitisha maji ya mwili, na kuiharibu hata maji hayo yakashindwa kupita. Zile dawa tatu zilizogawiwa Lamu mwaka 2018 huua vitoto vya minyoo hiyo vilivyomo katika damu, ili mbu asipate cha kumpelekea jirani, lakini mguu uliokwisha kuvimba haziurudishi ulivyokuwa. Lisemeni hili waziwazi, kwani mtu akitarajia mguu upungue na usipungue, mwaka unaofuata hukataa kumeza.

Busha hupasuliwa likaisha, kwa hiyo nauli ya boti na chakula cha mgonjwa na msindikizaji wake ni msaada unaoonekana. Mguu ni kazi ya kila siku: beseni, sabuni, dawa ya fangasi, viatu vipana. Mama mmoja ninayemhudumia hukausha kila upenyo wa vidole kwa kipande cha leso kuukuu, taratibu, kwa sababu unyevu ukibaki hapo ngozi hupasuka, vijidudu vikaingia, na homa ikamlaza.

Mweka hazina mstaafu:
Naongeza moja tu. Niliwahi kuchangia mgonjwa kupitia namba ya simu ya mtu mmoja, na mpaka leo hatujaonyeshwa hesabu. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, toeni risiti hata kwa shilingi 50, na kila Ijumaa bandikeni mapato na matumizi msikitini. Ruhusa ya serikali ya kuchangisha hadharani iombeni mapema.

Kijana wa Langoni:
Nawashukuru sana. Picha tumeziacha. Bi Muuguzi, ukiridhia, tungependa uje Mkunguni na beseni lako uwaonyeshe watu namna ya kuosha na kukausha mguu. Nauli ya boti tutaitoa sisi wenyewe, haitatoka kwenye mchango.