Mjadala wa siasa wa kila wiki kwenye runinga: kwa nini usifanyike kwa Kiswahili hapa Uganda?

Mwalimu wa Arua anauliza:
Ndugu zangu, kila wiki majirani wapatao kumi hukusanyika usiku katika duka la mjomba wangu kutazama kipindi cha mjadala wa siasa, na kwa kuwa kipindi chenyewe ni cha Kiingereza, mimi ndiye mkalimani wao. Wiki iliyopita mbunge mmoja alibanwa kuhusu bajeti ya nyongeza. Nilipokuwa bado nawaeleza wazee kwamba hizo ni fedha ambazo serikali huliomba Bunge wakati bajeti iliyosomwa Juni imekwisha kupitishwa, wageni studioni waliangua kicheko. Mjomba akanigeukia, "Amesema nini?" Kabla sijafungua kinywa, tangazo la sabuni likaingia, na jibu la mbunge likatupita. Wazee hawa hubishana siasa kwa Kiswahili jioni nzima bila kukwama, na tangu marekebisho ya mwaka 2005 Katiba yetu inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Ni nini hasa kinachozuia kipindi kama hicho kuendeshwa kwa lugha hii?

Mtayarishaji, Kampala:
Mwalimu, nimefanya kazi ya kuandaa vipindi vya aina hiyo kwa miaka kadhaa, na kizuizi kikubwa ninachokijua ni wageni. Unaanza kuwapigia simu siku tatu kabla, waziri anakubali, kisha saa mbili kabla ya kuingia hewani anaghairi, nawe unalazimika kumwita yeyote anayekaa karibu na studio na asiyekosa la kusema; ndiyo maana mnaona nyuso zile zile. Kiswahili kitaifupisha zaidi orodha hiyo, kwa sababu wanasiasa wetu wengi wakishamaliza salamu hurudi kwenye Kiingereza au Luganda. Hata hivyo watu wapo: maofisa wa jeshi waliostaafu, wafanyabiashara wa Busia na Malaba, miji ya mpakani na Kenya, na wale tisa tunaowapeleka katika Bunge la Afrika Mashariki kule Arusha. Ninachokihofia zaidi ni mwendeshaji, kwani kumbana mgeni kwa adabu kunahitaji wepesi wa maneno, na asiye nao humwacha mgeni ateleze.

Mzee wa Masaka:
Mwanangu Mwalimu, nakuunga mkono nusu tu. Sisi wa huku tulikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kikisemwa na mwenye bunduki, na Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 alizidisha chuki badala ya kuiondoa. Mimi nilikuja kukipenda baadaye, katika biashara ya Mutukula, mpakani na Tanzania, lakini si kila wa rika langu aliyebahatika hivyo, na anayeanzisha kipindi hicho anapaswa kulijua jambo hili.

Tena, mnaikumbuka ekimeeza? Neno lenyewe limetokana na meza hii hii ya Kiswahili. Watu walikusanyika mahali pa wazi, redio ikarusha mjadala moja kwa moja, na mwananchi asiye na cheo akashika kipaza sauti baada ya mbunge. Serikali iliipiga marufuku Septemba 2009, baada ya ghasia zilizozuka Kabaka, mfalme wa Buganda, alipozuiwa kwenda Kayunga. Tangu hapo sisi ni watazamaji. Mkiwapa wageni wale wale Kiswahili bila kumrudishia mwananchi zamu yake ya kuuliza, mjomba wako ataelewa kila neno na bado hatasikilizwa.

Dada wa Gulu:
Wakati mkisubiri kituo kiamue, sisi hukirekodi kipindi kwa simu, tukakisikiliza kesho yake na kukisimamisha kila panapohitaji maelezo. Saa moja hugeuka saa tatu, lakini hakuna anayeachwa nyuma.

Mwalimu wa Arua:
Asanteni sana. Mzee wangu, maneno yako nimeyapokea kwa heshima. Nilikuwa nimewafikiria wazee wangu kama wasikilizaji tu, na hapo nilikosea. Wiki hii nitarekodi kama dada alivyoshauri, na tukimaliza kusikiliza nitaandika maswali yao kwa Kiswahili na kuyapeleka katika redio ya hapa kwetu, niombe hata nusu saa. Tutaanza na bajeti ya nyongeza, maana jibu la yule mbunge mjomba bado ananidai.