Msaada: grep inaniletea mistari nisiyoitaka kwenye logi za seva

mlinzi_wa_logi
Wakuu, habari za kazi. Nina folda ya logi (kumbukumbu za maombi) za seva ya wavuti, faili moja kwa kila siku. Nataka mistari ya anwani moja tu, 10.0.0.5, na katika hiyo nibaki na ile ambayo seva ilijibu kwa makosa ya 500 na kuendelea. Nimetumia grep, amri ya kutafuta maandishi ndani ya faili, nikaandika hivi:

`grep 10.0.0.5* *.log`

Inaniletea 10.0.0.51, 10.0.0.52, hata 10.0.0.8 imo! Kufungua faili moja moja kwenye kihariri haiwezekani, nyingine ni kubwa mno. Naomba msaada, na mwenye nafasi anieleze na sababu, si amri peke yake.

nyota_na_nukta
Mkuu, amri yako inasomwa na wawili: sheli (programu inayopokea amri unazoandika) kwanza, kisha grep. Kinyota kina maana tofauti kwa kila mmoja. Kwa sheli, `*` ni herufi zozote kwenye jina la faili. Kwa grep, ni "kilichonitangulia kijirudie mara yoyote, hata sifuri". Kwa hiyo `5*` inaridhika hata pasipo na 5 yoyote, ndiyo maana 10.0.0.8 imepita. Nukta nayo kwa grep ni herufi yoyote ile. Lugha hii ya ruwaza, yaani ya kueleza maandishi unayotafuta, grep iliirithi kutoka kihariri cha ed, Ken Thompson alipoiandika kule Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, na haihusiani na vinyota vya majina ya faili.

Ruwaza ifunge kwa `' '` kila mara, hata pale unapoona hakuna haja. Siku folda itakapokuwa na faili ambayo jina lake linaanza na 10.0.0.5, sheli itaweka jina hilo mahali pa ruwaza yako kabla grep haijaiona, na hutapata onyo lolote. Hilo ndilo linalonitisha kuliko mistari ya ziada.

Jaribu: `grep -Fw '10.0.0.5' *.log`

`-F` inasoma ulichoandika kama kilivyo, nukta ikawa nukta. `-w` inakataa kama pembeni kuna herufi au tarakimu nyingine.

fundi_amri
Kwa anwani sawa, ila habari ya 500 bado. Tena `-w` haizuii anwani hiyo kunaswa ikitajwa katikati ya mstari wa mteja mwingine. Kama logi ni za mtindo wa kawaida wa Apache au nginx, mstari unafanana na huu:

`10.0.0.5 - - [03/Mar/2024:08:12:44 +0000] "GET /ripoti HTTP/1.1" 502 157`

Anwani ya mteja inaanza, na msimbo wa jibu unafuata nukuu inayofunga ombi. Basi:

`grep '^10\.0\.0\.5 .*" 5[0-9][0-9] ' *.log`

`^` ni mwanzo wa mstari, `\.` ni nukta halisi. Nafasi iliyo baada ya 5 ndiyo inayowafungia nje 51 na 52, usije ukaifuta.

msomaji_kimya
Mimi nimezoea egrep. Kuna ubaya?

fundi_amri
Inafanya kazi, ila tangu toleo la 3.8 la GNU grep, ile ya kwenye Linux nyingi, mwaka 2022, inatoa onyo kwamba imepitwa na wakati. Zoea `grep -E`, kazi ni ile ile. Na kama logi za zamani zimebanwa kuwa .gz, tumia `zgrep` kwa ruwaza ile ile.

mlinzi_wa_logi
Asanteni sana, imetoa nilichotaka. Zimebaki faili mbili: moja inasema "binary file matches" bila kuonyesha mstari, nyingine kimya kabisa, na nikiifungua anwani naiona kwa macho yangu.

nyota_na_nukta
Ya kwanza ina baiti za sifuri mahali fulani, mara nyingi seva ikizimika ghafla huziacha. grep ikiziona huichukulia faili kuwa si maandishi. Ongeza `-a`.

Ya pili nadhani ni UTF-16, namna nyingine ya kuhifadhi herufi kwenye faili. Humo kila herufi ya kawaida inaandamana na baiti ya sifuri, kwa hiyo 1 na 0 zako hazipo bega kwa bega na `-a` haitasaidia. Hakikisha kwa amri ya `file`, inayotaja aina ya faili, kisha igeuze kuwa UTF-8 kabla ya grep:

`iconv -f UTF-16 -t UTF-8 pili.log | grep '^10\.0\.0\.5 .*" 5[0-9][0-9] '`

mlinzi_wa_logi
Ni UTF-16 kweli, na sasa mistari inatoka. Kuhesabu nitumie `-c`?

fundi_amri
Ndiyo. `-c` inahesabu mistari, na kwenye logi hizi mstari mmoja ni ombi moja, kwa hiyo inakutosha. Ukitaka kuhesabu neno linaloweza kujirudia ndani ya mstari mmoja, hapo tumia `grep -o` kisha upeleke kwenye `wc -l`, inayohesabu mistari.