Chunya–Rungwa–Itigi kwa pikipiki: boksi la huduma ya kwanza au mafunzo?

Kifaru_125:
Habari zenu wakuu. Mwezi ujao tunatoka Chunya kwenda Itigi kupitia Rungwa, pikipiki mbili. Pori refu, mtandao wa kubahatisha. Madukani kuna maboksi yamejaa vidonge na plasta. Ninunue, au hela niweke kwenye mafunzo?

Nesi_wa_Keria:
Mafunzo, mdogo wangu. Msalaba Mwekundu wanafundisha. Nendeni wote wawili, maana ukianguka wewe, anayefungua boksi ni mwenzako.

Mimi ni muuguzi na pikipiki naendesha. Plasta haimsaidii aliyechanika paja. Beba gozi nyingi, bandeji pana, vitambaa vya pembetatu, glovu, mkasi unaokata jinzi, na ule mkanda maalumu wa kukaza kuzuia damu. Damu ikitoka, gandamiza jeraha kwa nguvu zako zote. Ikigoma, ndipo ufunge mkanda juu ya jeraha, mkononi au mguuni tu, si kwenye goti wala kiwiko. Andika saa uliyoufunga, usiulegeze hadi mfike hospitali. Na vitu hivi vikae kiunoni! Watu wanavizika chini ya hema na sufuria.

Helmeti muachie kama anapumua vizuri. Akiungua na ekzosi, mwagia maji safi dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno.

Mjukuu wa Ukimbu:
Na nyoka? Kwetu babu anaweka lile jiwe jeusi.

Nesi_wa_Keria:
Shikamoo yangu umfikishie babu, lakini jiwe halinyonyi sumu. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba wala ule mkanda. Mvue pete na saa, mfunge kijiti kiungo kisitikisike, asitembee, mumuwahishe hospitali. Itigi ipo St. Gaspar. Kabla hamjaondoka pigeni simu za hospitali za njiani mjue ipi ina dawa ya sumu ya nyoka, si kila kituo kinayo.

Kifaru_125:
Asante dada. Mwenzangu anaogopa ndorobo (mbung'o) kuliko nyoka, namcheka.

Nesi_wa_Keria:
Usimcheke. Ndorobo anauma hata juu ya jinzi, na bluu na nyeusi zinamvuta. Vaeni kaki nzito. Mkipata homa baada ya safari, mwambieni daktari mlipita Rungwa, apime na malale, ugonjwa unaoletwa na ndorobo, asiishie kwenye malaria.