Naomba ushauri: alama fiche ya kugundua picha iliyochezewa

Mkaguzi: Wakuu, ninatunza picha za ukaguzi wa majengo, na ninataka mtu akifuta ufa ukutani nijue kwamba picha imeguswa, tena nijue imeguswa wapi. Kwa sasa ninaficha alama katika biti ya mwisho (tarakimu ndogo kabisa, 0 au 1, ya namba ya rangi) ya kila pikseli, ambapo thamani ya rangi, kati ya 0 na 255, hubadilika kwa 1 tu na jicho halitambui lolote. Shida ni kwamba picha ikihifadhiwa upya kwa JPEG, muundo unaobana faili la picha, programu huonyesha kuwa yote imeharibiwa, ilhali hakuna aliyeihariri. Nifanyeje?

Mzee wa Pikseli: Hilo ni la kutarajiwa. JPEG huigawa picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, hugeuza kila kipande kuwa namba za masafa (zinazoonyesha rangi inavyobadilika ndani yake, polepole au kwa ghafla), kisha huzigawanya na kuzikadiria, na biti zako za mwisho ndizo za kwanza kupotea. Usikimbilie alama sugu zinazotumika kuthibitisha umiliki, kwani hizo zimeundwa zivumilie uhariri, na wewe unataka uhariri uonekane. Kinachokufaa ni alama nusu-dhaifu, inayostahimili mbano wa kawaida lakini ikavunjika maudhui yakibadilishwa. Mbinu mojawapo ni kulinganisha namba mbili za masafa zilizo katika nafasi ileile ya vipande viwili tofauti: kwa kuwa JPEG huzigawanya zote kwa kigawanyo kimoja, iliyokuwa kubwa inaweza kulingana na mwenzake, lakini haiwezi kuwa ndogo kuliko yeye. Uhusiano huo ndio unaouficha ndani ya picha.

Binti Hesabu: Naunga mkono, ila kuna mwanya ambao wengi huusahau. Ikiwa alama ya kila kipande inategemea kipande hicho pekee na ufunguo mmoja wa siri (namba unayotumia kutengeneza alama), mhalifu atachukua ukuta mzima usio na ufa kutoka picha yako nyingine na kuupachika hapa, na mfumo utaukubali.

Mkaguzi: Kwa hiyo kila picha iwe na ufunguo wake?

Binti Hesabu: Si lazima. Changanya ufunguo huohuo na namba ya utambulisho wa picha pamoja na nafasi ya kila kipande. Faili halisi nalo litie saini ya kidijitali, yaani muhuri wa kihesabu unaotokana na faili zima. Haitakuonyesha palipoguswa, lakini baiti moja ikibadilika itakataa.