Ushauri: Nikikatwa mfuko wa chakula, nitaachana na mashine ya kulalia?

kobe_wa_bara:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, nimekwama na siku zinakimbia.

Mimi ni mwanaume wa miaka 43, kilo 138, urefu sentimita 172. Mwaka jana nilipimwa usingizi. Nililazwa usiku mmoja, nyaya kichwani, mkanda kifuani na kibanio kidoleni. Asubuhi nikaambiwa pumzi inakatika mara 47 kwa saa. Nikanunua mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa puani kupitia barakoa.

Sasa kuna mahali wameniambia nikifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, tatizo linakwisha. Swali langu ni moja tu: waliofanyiwa, mliiacha mashine baada ya muda gani? Kazi yangu ni ya kukaa muda mrefu, mazoezi sipati. Asanteni.

mama_wawili:
Pole sana kaka. Mume wangu alikuwa anakoroma mpaka mtoto anahamia sebuleni. Mimi kilichokuwa kinanitisha si kelele, ni pale anaponyamaza. Unahesabu moja, mbili, tatu, unafika ishirini, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Miaka minne nimelala nikimhesabia. Alipovaa barakoa usiku wa kwanza nililia, kwa sababu nililala.

shamba_darasa:
Mkuu, acha ugali wa saa nne usiku. Wazee wetu walikula saa kumi na mbili, wakatembea, hawakujua hizi mashine. Mwili ni amana, tumeugeuza ghala.

dada_wa_pwani:
Mdogo wangu alifanyiwa huo upasuaji. Kilo zilishuka haraka, nywele nazo zikapukutika miezi ya mwanzo. Anameza vitamini kila siku na ataendelea hivyo maisha yake yote, kipimo cha damu na B12 hakosi. Bado ana furaha, hajutii. Ila asikudanganye mtu kwamba ukishashonwa kazi imekwisha.

nesi_wa_usiku:
Nijibu ulichouliza. Mara 47 kwa saa ni kiwango kikali, maana kuanzia 30 tu tayari ni kikali. Mafuta ya shingoni na kwenye ulimi yanabana njia ya hewa, ukilala misuli inalegea, njia inafunga. Ukipungua uzito, njia inapata nafasi. Kwa hiyo upasuaji unasaidia, na kwa wengi idadi inashuka sana.

Kushuka si kwisha. Mwaka 2012 madaktari wa Australia walichapisha utafiti wa watu 60. Nusu walifungwa pete kwenye mfuko wa chakula, nusu walipunguza uzito kwa njia za kawaida. Wa pete walipungua wastani wa kilo 27.8, wenzao 5.1. Ungetarajia usingizi upishane hivyohivyo, lakini tofauti ya pumzi kukatika haikuwa kubwa kiasi cha kuhesabiwa ushahidi. Pete si sawa na kukatwa mfuko, ila unaelewa ninachosema: taya, koo na umri havipungui kwa kisu. Mashine inaachwa baada ya kupimwa usingizi upya, si kwa kuangalia mizani.

Sasa na mimi nina maswali. Mashine unaivaa saa ngapi kwa usiku? Na hiyo kazi ya kukaa ni kazi gani?

kobe_wa_bara:
Asante dada nesi. Naivaa inapowezekana. Kazi haihusiani na mada, tubaki kwenye upasuaji.

mzee_wa_gereji:
Hospitali ya Mloganzila wanaweka puto tumboni, hakuna kukatwa, na baadaye linatolewa. Umeulizia? Halafu kuna sindano ya kupunguza uzito, tirzepatide, Marekani waliiruhusu Desemba 2024 kwa watu wanene wenye tatizo hilihili.

nesi_wa_usiku:
Kaka, kazi inahusiana. Nakuuliza tena.

kobe_wa_bara:
Basi. Ni dereva wa basi, Dar kwenda Mwanza. Tangu safari za usiku ziruhusiwe 2023 nashika usiku. Mashine ipo kabatini tangu Machi.

Kabla hamjanishambulia: tuko madereva wawili. Nikimaliza zamu nalala kwenye basi, hapo barakoa utaivaaje mbele ya abiria? Na tajiri akijua ninaumwa usingizi, ananipa funguo za nyumbani kwangu. Ndiyo maana nataka kukatwa, nimalize mara moja. Nimeshauza kiwanja na nusu ya pesa nimelipa. Kwenye fomu ya hospitali hili la pumzi sikuliandika, nisije nikaahirishwa. Mwezi ujao naingia.

mpiga_hesabu:
Wakuu, hii chai. Post ya kwanza mgonjwa wa ofisini, ya pili dereva wa usiku, mashine kabatini, kiwanja kimeuzwa, fomu imefichwa. Kila mkiuliza, hadithi inanenepa. Hapa tunamsaidia mtu anayetunga.

dada_wa_pwani:
Hata mimi nimeanza kusita. Nimemweleza habari za mdogo wangu mtu ambaye huenda hayupo.

shamba_darasa:
Kama ni kweli, huo ni uuaji. Abiria wana watoto.

kobe_wa_bara:
Sijatunga. Niliposema kazi ya kukaa nilikuwa naona aibu. Kabla ya Manyoni, saa tisa usiku, nilisikia matairi ya kushoto yanakula changarawe na konda ananivuta mkono wa shati. Sikumbuki kilomita zilizotangulia. Konda hakumwambia mtu, anadhani ni uchovu. Abiria mmoja aliamka akauliza, "Tumefika?" Hiyo sauti ninayo mpaka leo.

mzee_wa_gereji:
Mpiga hesabu, mimi nimeendesha malori miaka 19. Anachosema kuhusu changarawe hakisomwi kwenye kitabu. Ni ile sauti inayokuamsha na ndiyo inayokuambia ulikuwa umelala. Mimi namwamini.

mpiga_hesabu:
Sawa mzee. Kama ni kweli, ndugu yangu nisamehe, na usipande leo.

nesi_wa_usiku:
Kaka, sikiliza. Daktari wa nusu kaputi lazima ajue. Dawa ya usingizi inalegeza koo lilelile linalojifunga, na dawa kali za maumivu baada ya upasuaji zinapunguza nguvu ya kupumua. Akijua, anajiandaa, na mashine yako unaingia nayo wodini. Asipojua, wewe umelala, nani atakuhesabia kama mama wawili? Hawatakufukuza. Wakikuahirisha, ni ili uivae kwanza wiki kadhaa, kiwanja chako hakipotei.

Na hata wakikukata kesho, uzito unashuka kwa miezi. Miezi hiyo yote nani anashika usukani?

kobe_wa_bara:
Ninyi mnaongea kama kazi inaokotwa. Nina watoto watatu, mmoja yuko kidato cha nne.

mama_wawili:
Shemeji yako anaivaa kila usiku na yupo kazini. Mwambie mwenzako wa zamu, huyo si tajiri. Mwambie leo.

kobe_wa_bara:
Nimempigia. Nimemwambia tumbo linanisumbua, leo anashika yeye na deiwaka. La kweli sijaweza. Kuhusu fomu, kesho nitawapigia.

Mashine nimeitoa kabatini. Kichujio kimekuwa cheusi. Kinaoshwa au kinatupwa?

nesi_wa_usiku:
Kama ni cha sponji, kioshe kwa maji, kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Kama ni chembamba cheupe kama karatasi, hakioshwi, nunua kipya. Barakoa na mpira wake osha kwa sabuni ya kawaida, suuza, anika kivulini. Kichujio chako ni kipi?

kobe_wa_bara:
Cha karatasi.